Nobu ya Ukali

Jumapili, 4 Novemba

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya nobu. Pedali ya gitaa, kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti, ina nobu tatu za kuzungusha, kila moja ina mshale mdogo kama wa saa, na ukipata sauti nzuri leo, kesho hukumbuki mishale ilitazama wapi. Kwa hiyo nitaandika: mkoromo saa ngapi, ukali saa ngapi, nguvu saa ngapi, saa moja ikiwa chini kabisa na saa kumi na moja juu kabisa.

Mimi ni Edilberto Ñaupari, mshona viatu wa Chilca, hapa Huancayo. Kwa miaka kumi na mmoja nimepiga gitaa la pili katika bendi ya Los Zorzales del Shullcas. Gitaa la pili ni lile ambalo watu hulitambua siku likikosekana. Tangu Ijumaa mimi ndiye mpiga solo.

Ilikuwa hivi. Teódulo Cangalaya, mpiga solo wetu tangu bendi ianze, alikwenda Jauja kusafisha kaburi la mama yake, kwa kuwa ilikuwa Siku ya Wafu. Akiwa hayupo, Rufino akatuita. Rufino ndiye mwimbaji na ndiye mwenye vyombo. Akasema gitaa la Teódulo limekuwa kali kama msumeno unaokata bati, mwenye ukumbi tunaopigia Jumapili amelalamika, wachezaji wanaziba masikio, na mzee akiambiwa apunguze ndiyo kwanza anaongeza. “Amekuwa mbishi,” alisema. “Anayetaka aondoke, ainue mkono.”

Tulikuwa watano. Mikono mitano iliinuka. Wangu ulikuwa wa mwisho, lakini uliinuka.

Teódulo ni kompadre wangu. Ndiye aliyemshika binti yangu kwenye maji ya ubatizo.

Jumanne, 6 Novemba

Mvua. Rufino amemwambia. Alimwambia bendi inataka sauti ya vijana. Teódulo, wanasema, alirudisha ufunguo wa chumba cha mazoezi, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuuliza swali.

Mimi nina miaka arobaini na miwili. Ujana gani huo?

Jumapili, 11 Novemba

Pedali ya kwanza. Nyeusi, nimeipata sokoni leo asubuhi kwa mchuuzi wa vitu vya Lima. Ni ovadraivu, yaani inachukua sauti safi ya gitaa na kuitia mkoromo, ili noti isife upesi, ivute, ilie kama mtu. Nimeifunga karakanani, nikapiga noti moja. Makopo ya gundi yalicheza rafuni. Nilda, mke wangu, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

“Umeingiza trekta humu?”

“Hilo ni solo, mama.”

“Basi lifunge breki, supu inamwagika.”

Nilicheka hadi machozi. Sauti kubwa, nene, tamu! Mkoromo saa kumi, ukali saa saba, nguvu saa tano.

Jumapili, 18 Novemba

Aibu. Peke yangu karakanani ile pedali ni simba. Ukumbini zilipoanza besi na ngoma, simba akapotea. Niliona vidole vyangu vinakimbia lakini gitaa silisikii. Mkoromo mwingi umeijaza sauti maji kama godoro lililonyeshewa. Katikati ya wimbo wa tatu mwanamke mmoja mnene aliyekuwa akicheza karibu na jukwaa alipaza sauti: “Na gitaa je, limelala?”



Jumapili, 25 Novemba

Pedali ya pili, ya kijani, nimebadilishana na mpiga gitaa wa Tarma kwa jozi mbili za buti. Hii nayo ni nyembamba, nyuki ndani ya chupa. Mkoromo saa nne, ukali saa sita, halafu saa tano, halafu saa nane. Kila saa nyuki ni yule yule.

Alhamisi, 29 Novemba

Mvua ya mawe. Viazi vya watu wa Sapallanga vimeharibika. Sikushona, sikupiga.

Jumapili, 9 Desemba

Leo walianza kuliita jina lake. Kijana mmoja wa Azapampa alianza, wakafuata wengine, “Teó-du-lo! Teó-du-lo!”, wanapiga makofi kwa mdundo wa ngoma yetu wenyewe. Watu wale wale waliokuwa wakiziba masikio mwezi wa kumi! Wamesahau msumeno, wanakumbuka miaka ile ya mwanzo, wakati noti yake moja ilikuwa inatosha kumfanya mtu aache bia yake mezani akatafute wa kucheza naye.

Nami naikumbuka. Hiyo ndiyo sauti ninayoitafuta kwenye visanduku hivi, nisijifanye.

Jumatano, 12 Desemba

Nimekwenda kwa Zósimo, fundi redio wa karibu na stesheni, anayetengeneza pedali mwenyewe ndani ya makopo ya maziwa. Ana miwani mbili, moja juu ya nyingine.

“Unataka iweje?” akaniuliza.

“Kama ya don Teódulo kwenye rekodi yetu ya kwanza.”

“Basi kamuulize don Teódulo.”

“Hatuonani siku hizi, maestro.”

Akainua miwani ya juu, akanitazama kwa ile ya chini. “Ndugu yangu, mimi naweza kukutengenezea mkoromo. Lakini unaniletea ugonjwa wa mtu mwingine na mgonjwa umemwacha nyumbani. Mlete.”

Jumamosi, 15 Desemba

Nimepita mbele ya mlango wa Teódulo mara tatu. Nimerudi nyumbani. Nilda ananiambia, “Una miguu ya kupita na huna mkono wa kubisha?” Mkono huo tena.

Jumanne, 25 Desemba

Krismasi. Tulipiga kwenye sherehe huko El Tambo, vibaya. Chokoleti ya moto kwa wote. Mvua.

Jumapili, 6 Januari

Nimebisha.

Alifungua Eufrosina, mkewe. Alinikumbatia kama kawaida, akaniuliza hali ya binti, akaniwekea bakuli la mote, mahindi ya kuchemsha, na jibini. Teódulo alitoka chumbani na sweta lake la kijivu. Nilijitayarisha kwa matusi. Badala yake akakaa mbele yangu na kusema, “Kompadre, nimesikia unateseka.”

“Nateseka, kompadre.”

“Nimesikia unapiga kama mtu anayeomba radhi.” Akacheka. “Solo haliombi radhi. Linaingia ndani na viatu vyake.”

Nikamwambia kuhusu nyeusi, kuhusu kijani, kuhusu Zósimo. Alisikiliza huku amegeuza uso kidogo, jicho kwenye midomo yangu. Halafu akasema jambo ambalo nimelala nalo na kuamka nalo.

“Wale wengine siwalaumu. Rufino ni mfanyabiashara, wale wa ngoma ni watoto. Najua wewe hukuinua mkono. Ulikuwa peke yako dhidi ya wanne, ungefanya nini?”

Eufrosina alikuwa ananiongezea mote. Nikasema, “Asante, inatosha.”

Ndivyo nilivyosema. Asante, inatosha.

Jumamosi, 12 Januari

Leo nitaandika kirefu, Nilda ameniachia meza.

Tulikutana kwa Zósimo saa nne asubuhi, Teódulo na mimi. Zósimo alikuwa ametengeneza pedali ndani ya kopo la maziwa, nobu tatu kutoka redio za zamani. Rufino aliniazima amplifaya yake kubwa ya valvu, bila kujua nitakuwa na nani. Teódulo alikuja amevaa koti la jukwaani. Sikutegemea hilo. Koti la bluu lenye vifungo vya fedha, kwa kazi ya karakanani.

Nikapiga. Akatikisa kichwa. “Nani amekuambia utafute sauti peke yako chumbani? Chumbani kila mtu ni mfalme. Zósimo, fungua redio, weka ngoma yoyote, kubwa.” Zósimo akafungua redio, ikalia muziki wa cumbia. “Sasa piga juu yake. Unaona? Punguza mkoromo. Punguza. Tena! Wewe unataka pedali ikufanyie kazi yote. Pedali ni ya kuisukuma amplifaya tu, mpaka amplifaya yenyewe ikasirike. Mkoromo saa tatu. Nguvu saa kumi. Sasa gusa kamba polepole. Sasa ipige kwa hasira.”

Niliigusa polepole, ikasema kwa upole. Nikaipiga, ikapanda. Ilikuwa sauti mbaya kidogo ukiisikia peke yake, ya puani, kama mtu mwenye mafua, lakini juu ya ile redio ilisimama wima, kila noti na jina lake. Vinyweleo vya mikono vilinisimama. Teódulo alikuwa anasikiliza kwa kiganja, amekiweka juu ya mbao za spika, amefumba macho.

“Imebaki nobu ya ukali,” alisema. Akainama, akaizungusha hadi saa kumi.

Zósimo aliruka. Ile sauti iliingia masikioni kama sindano. Teódulo alikuwa anatabasamu. “Haya. Hiyo hapo.”

Zósimo akafungua mdomo. Nikamkonyeza anyamaze. Teódulo alipogeuka kuchukua kofia yake, niliinama kama ninayefunga kamba ya kiatu, nikairudisha nobu hadi saa tano. Nikapiga tena.

Hiyo ndiyo. Jamani, hiyo ndiyo ilikuwa sauti. Ile ya rekodi ya kwanza, ile ya watu kuacha bia. Zósimo alivua miwani zote mbili.

Na Teódulo, ambaye hakusikia tofauti yoyote, akasema, “Unaona? Nilikuambia. Saa kumi.”

Sasa niandike kile ambacho sijamwandikia wala kumwambia mtu.

Nilijua. Miaka miwili iliyopita, mvua kama hizi, nilikuwa jikoni kwake tukinywa chai. Birika lao ni lile la filimbi. Lilianza kulia, likalia mpaka sikuweza kusikia maneno yangu mwenyewe, nalo lilikuwa hatua moja kutoka kwake. Yeye akaendelea kuniambia habari za kamba mpya, kwa sauti ya chini, ametulia. Eufrosina akaja mbio kutoka uani, akalitoa, akamfokea, “Unaota nini wewe?” Teódulo akasema alikuwa anawaza muziki. Jumapili iliyofuata nikamwona jukwaani anapandisha nobu ya ukali hadi saa tisa. Nikaelewa. Sauti nyembamba za juu zilikuwa zimemtoka masikioni, naye alikuwa anazitafuta kwa nobu. Hakuwa mbishi hata siku moja. Akiambiwa apunguze alidhani wanamtania, kwa sababu kwake gitaa lilikuwa limeziba.

Ningeweza kumwambia njiani tukirudi nyumbani. Maneno nilikuwa nayo, nakumbuka hata kona ya barabara. Lakini hapo hapo nikawaza, masikio yake yakifa, nani atapiga solo? Na wazo hilo halikunihuzunisha. Nililibeba kimya kwa miaka miwili, kama mtu aliyepewa zawadi anayengoja siku ya kuifungua.

Mkoromo saa tatu, ukali saa tano, nguvu saa kumi. Kazi ya daftari imekwisha. Nashangaa kwa nini naendelea kuandika.

Jumapili, 13 Januari

Tulipiga. Watu waliacha bia.

Jumapili, 20 Januari

Vivyo hivyo. Rufino ananiita maestro. Anasema mwezi wa tatu tutakwenda Lima kurekodi.

Jumatatu, 28 Januari

Nilikwenda kwa Teódulo nimwambie yote: mkono, nobu, masikio. Nilimkuta anamfundisha Eufrosina jinsi nilivyopiga wimbo wa pili jana, anatikisa mguu. Kumbe alikuwa amesimama nje ya ukumbi, kwenye mvua, kusikiliza. “Hawakuniona,” alisema, kama mtoto aliyeiba embe. “Kompadre, mtu akiondoka na sauti yake ikabaki, hajaondoka.”

Ningemwambiaje hapo? Nikasema nitarudi. Mwoga hakosi sababu, na mimi nina daftari zima la sababu.

Jumamosi, 9 Februari

Mto umepanda. Daraja la chini limefungwa. Nimeshona buti kumi.

Jumatatu, 18 Februari

Jana ilikuwa Jumapili ya kanivali. Tulipiga kwenye sherehe ya kukata mti huko San Carlos, alasiri, mti umesimikwa katikati ya uwanja umejaa maputo na mablanketi, wanandoa wanauzunguka wakicheza na kila jozi inaupiga shoka kwa zamu. Manyunyu. Kila mtu mweupe kwa unga wa talki.

Nilipiga kuliko nilivyowahi kupiga maishani. Tulipopumzika, Teódulo akapita katikati ya watu hadi jukwaani, koti la bluu, talki mabegani, watu wanampa mkono. Nilimwona usoni kwamba amekuja kudai heshima yake, na alikuwa na haki.

“Rufino,” alisema kwa furaha kabisa, “nimekuja kukuuliza jambo moja tu, wala sina kinyongo. Unaipenda sauti hiyo?”

“Naipenda, don Teódulo. Nani asiyeipenda?”

“Ni yangu. Niliipanga mimi kwa mkono huu. Mkoromo saa tatu, nguvu saa kumi, ukali saa kumi, kama nilivyokuwa naweka siku zote. Sasa niambie mbele ya watu: mimi mlinifukuzia nini?”

Rufino akacheka, hana baya, amelewa kidogo. “Saa kumi? Ukali saa kumi, mzee, tungekuwa tumeua mtu! Hebu itazame.”

Teódulo akapiga goti kwenye matope. Akaipangusa talki kwenye kopo kwa kidole. Akaitazama nobu muda mrefu. Halafu akaniinulia macho mimi, si Rufino.

“Nani ameizungusha?”

“Mimi, kompadre.”

“Lini?”

“Siku ile ile. Kwa Zósimo. Ulipogeuka.”

“Mbona sikusikia?”

Macho yangu yalimwendea sikioni. Nadhani hayo ndiyo yaliyomjibu. Alipeleka mkono sikioni, taratibu, kama anayepapasa jeraha ambalo ameonyeshwa sasa hivi.

“Tangu lini?” aliuliza.

“Mimi nimejua tangu mvua za mwaka juzi.”

“Mwaka juzi.” Akasimama. Goti lake lilikuwa jeusi kwa matope. “Wale watu walikuwa wanaweka mikono hivi.” Akaziba masikio yake kwa viganja. “Nilidhani ni mtindo mpya wa kucheza. Nilikuwa nawapigia zaidi, wafurahi.”

Rufino alikuwa ameacha kucheka. Nyuma yetu shoka lilikuwa linaupiga mti, na kila pigo watu wanashangilia.

“Na mkono?” Teódulo akaniuliza. “Siku ile, uliinua?”

“Niliinua.”

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei. Akajifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, vyote. Hakunitukana. Ningetoa kidole cha mkono wa kushoto anitukane.

Jumatano, 20 Februari

Siku ya Majivu. Eufrosina alinifungulia mlango, hakunikumbatia. “Amelala,” akasema. Nilimwona nyuma yake, ameketi.

Jumapili, 24 Februari

Nilimwambia Rufino kila kitu na kumwomba amrudishe, mimi nirudi gitaa la pili, niwe namtazamia nobu. Rufino akasema, “Ungeniambia hayo Novemba, Edil, angekuwa hajatoka hata siku moja. Mimi nilidhani ni ubishi.” Akaongeza, “Mfuate. Akikubali, Lima anakwenda yeye.”

Nyumba ya Teódulo imefungwa kufuli. Jirani anasema wamehamia Satipo, kwa kaka yake Eufrosina, kwenye mashamba ya kahawa.

Jumapili, 3 Machi

Barabara ya Satipo imekatwa na maporomoko. Tumepiga. Sauti nzuri. Siipendi.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa Satipo. Basi lilichukua siku nzima na nusu. Joto, kila kitu kijani, shati limenigandia mgongoni.

Niliwakuta alasiri. Nyumba ya mbao, kibaraza, na kwenye kibaraza amplifaya ndogo ya mkononi na Teódulo na gitaa lake. Aliniona nikipanda ngazi, akainua kiganja.

“Usiombe radhi,” alisema. “Nimechoka, na wewe utalia.”

Nikampa ujumbe wa Rufino. Alisikiliza akitazama midomo yangu.

“Mshukuru. Lakini nimepata pa kupiga, kanisani hapo chini. Siku ya kwanza tu dada mmoja wa kwaya, hata jina langu halijui, akanijia akaniambia, ‘Baba, gitaa lako linatuumiza masikio.’ Hivyo tu, kisha akaenda kukunja vitabu vyake.” Akalipakata gitaa. “Tatizo ni kwamba yeye hajui nobu. Ananiambia linaumiza, hajui niliache wapi. Wewe unajua. Kaa hapo.”

Nikakaa kwenye gunia la kahawa. Akapiga. Lilikuwa kali, kali mno, ndege walihama kwenye mti.

“Niambie.”

“Linaumiza, kompadre.”

“Usiniite hivyo, niambie tu.” Akazungusha nobu ya ukali. “Sasa?”

“Bado.”

“Sasa?”

“Bado kidogo. Tena. Umepita, rudi. Hapo.”

Akachukua kipande cha chaki mfukoni, akachora mstari kwenye nobu na mwingine kwenye sanduku la amplifaya, ikutane. Akafanya vivyo hivyo nobu ya pili. Kisha akapiga wimbo mzima, na kutoka ndani Eufrosina akaacha alichokuwa akikifanya, nikamwona amesimama mlangoni na kitambaa mkononi, uso umelegea kama miaka kumi imemshuka mabegani. Teódulo alimtazama yeye, si mimi. Usoni kwake alisoma kwamba ni kweli.

Akazima amplifaya, akapangusa chaki vidoleni.

“Unayo saa?”

“Ninayo.”

“Imechukua muda gani?”

Nikaitazama. Nilitamani iseme kitu kingine.

“Dakika nne.”

“Dakika nne,” alisema. “Na ulikuwa na miaka miwili.” Akaweka gitaa ndani ya sanduku lake, akafunga komeo zote mbili, akaingia ndani.